Shimo Tupu na Nyumba Iliyojaa

Mwalimu apitaye katika mitaa ya Mbale wakati wa likizo hakosi kukiona kibanda chenye televisheni, ambamo vijana wawili, kila mmoja ameshika kifaa chenye vitufe, wanapiganisha sanamu zilizo katika kioo, na wenzao kumi wamesimama nyuma wakingoja zamu. Wengi wetu hukipita kibanda hicho tumekunja uso, na tukifika shuleni twakitaja katika orodha moja na pombe na utoro. Makala haya hayakusudii kukitetea kibanda, wala kukishtaki. Yanakusudia kuliangalia kwa jicho la historia jambo moja ambalo vijana wale hubishana juu yake mchana kutwa, na ambalo wazee wa nchi hizi walikwisha kubishana juu yake zamani, wakikaa mbele ya ubao wa mashimo: pigano likiwa la kuigiza, ni nini huliweka katika mizani, na yule anayejihami apewe nafasi kiasi gani?

Neno mizani twalitumia kwa makusudi. Bondia hupimwa uzito kabla ya kupanda ulingoni, na hiyo ndiyo njia nyepesi ya kutenda haki: wazito kwa wazito, wepesi kwa wepesi. Watu wa Jinja wanaijua vema, maana ndondi za Uganda zilikuzwa sana katika kambi za jeshi, na askari aliyekuja kuipindua serikali mwaka 1971, Idi Amin, alijulikana kwanza kwa ngumi zake katika jeshi la KAR. Walakini mizani ya uzito hufanya kazi kwa kuwatenganisha watu. Haisemi lolote juu ya kuwakutanisha wasiolingana. Michezo ya kibandani ndiyo iliyojitwika mzigo huo, nayo imeubeba kwa taabu.

Mchezo ulioweka utaratibu unaofuatwa na karibu yote iliyokuja baadaye ni Street Fighter II, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991. Ulimpa mchezaji wapiganaji 8 wa kuchagua, na ukiwaacha Ryu na Ken, ambao walikuwa karibu pacha, hapakuwa na wawili waliofanana. Zangief, mpigana mieleka wa Urusi, alikuwa mkubwa na mzito. Ole wake aliyekamatwa naye, lakini ilimpasa kwanza amfikie mtu. Guile, askari wa Marekani, alikuwa kinyume chake. Ili arushe pigo lake la mbali, mchezaji hana budi kushikilia usukani kuelekea nyuma kwa kitambo kidogo. Na katika mchezo huo kuelekea nyuma ndiko kujikinga. Kwa hiyo Guile hujikinga na kujiandaa kushambulia kwa tendo lilo hilo moja. Ukikaa mbali, pigo lake linakufuata. Ukiruka juu kulikwepa, teke lake linakungoja. Zangief alipokutana naye alikuwa na safari ndefu yenye miiba njia nzima.

Je, hiyo ni haki? Vijana husema hapana, hasa yule aliyemchagua Zangief. Sisi twaona jibu liko katika sheria nyingine ya mchezo huo, ambayo mtazamaji wa kupita haioni. Pigo huzuiwa na kinga. Kinga huvunjwa na mkamato, kwa kuwa aliyekaa tu akijikinga aweza kushikwa na kubwagwa. Na anayekuja kukamata huwahiwa na pigo. Ni duara lisilo na mkuu. Maadamu duara hilo lazunguka, hata asiye sawa ana la kujibu, ingawa jibu lenyewe laweza kuwa gumu. Mizani huvunjika pale ambapo mmoja hana jibu kabisa. Mwaka 1994, katika toleo liitwalo Super Street Fighter II Turbo, alifichwa mpiganaji aitwaye Akuma, ambaye silaha zake hazikuwa na dawa ya kutosha kwa wengine. Mashindano mengi yaliamua kumpiga marufuku tu. Hawakutafuta hoja ya kina. Mtu wa namna hiyo huua ubishi, na mchezo usio na ubishi hauna watu.

Jambo jingine lastahili kutajwa kabla hatujaacha kioo. Katika mashindano, aliyeshinda hulazimika kuendelea na mpiganaji wake yule yule, ilhali aliyeshindwa anaruhusiwa kubadili. Yaani aliyepoteza huchagua akiwa amekwisha kuona silaha ya mwenzake. Msomaji aikumbuke kanuni hii, kwani tutakutana nayo tena mahali asipoitazamia.

Mahali penyewe ni mwesoni. Ubao wa mweso una mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64, ambazo Waganda huziita empiki. Kila mchezaji ana safu 2 zilizo upande wake na kete 32, wala hakuna kete yenye cheo kuliko nyingine. Wageni waliupenda na kuuandikia mapema: H. J. Braunholtz aliuelezea katika jarida la Man mwaka 1931, na R. S. Shackell akauandikia katika Uganda Journal mwaka 1934. Lakini kitabu ambacho sisi walimu tungepaswa kuwa nacho katika kila maktaba ni kile cha M. B. Nsimbi, bingwa wa Luganda, kilichochapishwa mwaka 1968, kwa sababu humo mwenye mchezo anausema mwenyewe.

Hapa Mbale ni vigumu kuuzungumza mweso bila mtu kutaja Waganda, na kumtaja Mganda katika historia ya mji huu ni kumtaja Semei Kakungulu. Jemadari huyo aliitwaa nchi ya Bukedi kwa niaba ya Waingereza, akajenga ngome moja baada ya nyingine, kubwa yao ikiwa ile ya Budaka. Na Waingereza walipomwondoa Budaka mwaka 1902 alihamia Mbale, akaweka makao ambayo mji uliota kandokando yake. Toka 1906 hadi 1913 alikuwa Rais wa Lukiiko ya Busoga, kisha akarudi huku, akafa mwaka 1928. Pamoja naye walikuja watemi wa Kiganda, saza na gombolola, na Luganda ya kanisani na ofisini. Kwa sababu hiyo wako wazee wa Bugisu ambao kwao kila kilichotoka ng'ambo ya Mto Nile kina harufu ya Kakungulu, na mweso pia. Twawaelewa. Hata hivyo michezo ya jamii hii, ya mashimo na mbegu, imeenea kwa majina mengi toka Sudan hadi Msumbiji, wala haikungoja jemadari wa kuitembeza.

Sasa tuutazame ubao wenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Kete husambazwa kinyume cha mwendo wa saa, moja moja, kuanzia shimo lenye kete 2 au zaidi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji huzichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Ili ale, lazima kete ya mwisho iangukie shimo la safu yake ya mbele lililokuwa na kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mkabala wa shimo hilo, la mbele na la nyuma, yawe na kete. Yote mawili. Likiwa tupu moja tu kati yake, hali kitu.

Msomaji asilipite neno hilo haraka. Katika sheria hii ulinzi wa mtu haumo katika kurundika, umo katika kuacha wazi. Safu ya nyuma ikiwa na kete 20 na mbele yake pakiwa patupu, hizo 20 haziliki. Mlinzi wa mweso hajengi ukuta. Humnyima adui kitu cha kukipiga.

Na tazama namna ubao unavyoanza. Kabla ya kupangwa, kete huwekwa 4 katika kila shimo la safu ya nyuma, na safu ya mbele huachwa tupu pande zote mbili. Ni amani kamili: hapana hata kete moja iwezayo kuliwa. Bali amani hiyo haidumu zaidi ya hatua moja, kwani mchezaji lazima acheze, na kila hatua yaivunja ngome yake mwenyewe. Tujaribu pamoja. Tuseme mchezaji ameiacha hali hiyo bila kuibadili, na achukue zile 4 za shimo la mwisho la kushoto, safu ya nyuma. Anazigawa katika mashimo manne yafuatayo. Ya mwisho yaangukia shimo la tano, lenye 4, sasa 5. Anazichota hizo 5, zapita shimo la sita, la saba, la nane, zinakunja kona na kuingia safu ya mbele, ya mwisho ikatua mahali patupu. Zamu imekwisha. Hakula kitu, hakutishwa na mtu, lakini sasa pembe yake ya kulia ina kete mbele na nyuma: mashimo mawili ya nyuma yana 5 kila moja, na mawili ya mbele yana 1 kila moja. Kete 12 kati ya 32 zimeingia katika hatari kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu wa hesabu anayetafuta zoezi la kuamsha darasa la mchana asihangaike zaidi.

Lakini wachezaji hodari hawauachi ubao katika hali hiyo ya mwanzo. Kabla ya hatua ya kwanza kila mmoja ana ruhusa ya kuzipanga kete zake 32 apendavyo: azirundike mahali pamoja, azitawanye, aache mapengo. Basi wale wanaodai kwamba mweso una haki kwa sababu tu pande mbili zalingana wameona nusu ya jambo. Pande zalingana kwa hesabu. Kwa sura kila mchezaji anajitengenezea mpiganaji wake. Kuna apangaye kama Zangief, kete nyingi katika mashimo machache, zikifika zitabomoa, swali ni kama zitafika. Kuna apangaye kama Guile. Na hapa ndipo ile kanuni tuliyomwomba msomaji aikumbuke inapojitokeza: atakayecheza kwanza ndiye pia hupanga kwanza, na wa pili hupanga akiwa anaiona sura ya mwenzake. Faida ya kuanza imelipiwa kwa hasara ya kujulikana. Wajapani na Wamarekani walioandika kanuni za mashindano ya vioo katika karne iliyopita, na Waganda waliokaa mkekani kabla yao, hawakuulizana. Walikutana kwa sababu tatizo ni moja.

Kuna mlango wa nyuma pia. Toka mashimo manne yaliyo mwisho wa kushoto, mawili ya mbele na mawili ya nyuma, mchezaji anaruhusiwa kusambaza kwa kurudi, mradi kurudi huko kumfikishe moja kwa moja kwenye kula. Waganda huita okutebuka. Kanuni hii ndogo yaharibu usingizi wa mlinzi, maana aliyezihesabu hatari zinazokuja kwa njia kuu hana budi kuzihesabu na zile zinazokuja kwa uchochoro. Aidha kuna ushindi wa ghafla uitwao emitwe-ebiri, vichwa viwili, wa kula ncha zote mbili za upande wa mpinzani katika zamu moja. Kwa hiyo haifai kuilinda ncha moja na kuisahau ya pili.

Je, mtu hawezi kujificha milele? Hapo mweso una jibu kali. Kete iliyo peke yake shimoni haichezeki. Mwoga anayezitawanya kete zake moja moja ili zisiliwe kwa wingi atafika siku moja aangalie ubao wake wote asione shimo lenye kete 2, na mchezo huisha kwa asiyeweza kucheza. Hakuliwa, amekauka.

Wapo waandishi wapendao kuutumia ubao huu kuieleza vita yenyewe. Husema: Buganda ilikuwa na Kabaka na ikulu, mahali pa kutekwa; Bugisu haikuwa na mfalme wala mji mkuu, kila ukoo ulikaa katika mteremko wake wa Mlima Masaba; kwa hiyo Kakungulu alipofika alikuta mashimo matupu. Mfano ni mtamu, na sisi twauogopa kwa utamu wake. Waliotozwa kodi walitozwa, na waliochomewa nyumba walichomewa, pengo au si pengo. Ubao una sheria ambazo wote wawili wamezikubali kabla ya kuketi. Bunduki haikuomba ruhusa ya mtu. Tukiwafundisha watoto kwamba vita ni mchezo mkubwa, tutakuwa tumewadanganya juu ya mambo mawili kwa pamoja.

Tuliposema mwanzoni kwamba wazee walibishana, tulikuwa na maana ya zaidi ya mabishano ya mkeka mmoja. Shuka toka Mbale hadi pwani, uketi barazani Lamu au Unguja, utaonyeshwa ubao wenye mashimo 32 na kete 64, safu 4 za mashimo 8. Mtu wa Jinja atakaribia kwa furaha akidhani yuko nyumbani. Ataliwa kabla hajakaa sawa.

Bao la Kiswahili limeigeuza kanuni ya ulinzi juu chini. Kwanza, kinacholiwa ni shimo la mbele tu. Safu ya nyuma haimhusu adui. Pili, mtu akiishiwa kete katika safu ya mbele ameshindwa, hata kama nyuma ana kete tele. Basi pengo lile lile ambalo mwesoni ni ngao, katika bao ni kaburi. Tatu, kati ya mashimo ya mbele kuna moja la mraba, liitwalo nyumba, ambalo kwa kuanzia huwekwa kete 6, na karibu yake mashimo mawili yenye 2 kila moja; kete 22 zilizobaki huwa mkononi, zikiingizwa moja moja katika awamu ya namua, kabla ya kufikia mtaji. Nyumba ni ghala na ni ngome. Mwenye kula akiisha kusambaza na kete ya mwisho ikatua nyumbani mwake, ana hiari: alale, yaani akomee hapo na hazina yake ibaki, au aende safari, aibomoe nyumba na kuzipeleka kete zake zote ulimwenguni. Hiari hiyo ndiyo roho ya bao. Atakayelala siku zote ataikuta nyumba imenona kwa ajili ya mlo wa mwenzake. Atakayesafiri mapema hana tena mahali pa kurudi, maana nyumba ikishabomolewa huwa shimo kama mengine.

Bao pia halimruhusu mtu kukaa kimya. Awezaye kula lazima ale. Asiyeweza ndiye atakata tu. Kanuni hii yaonekana kama upendeleo kwa mshambulizi, lakini mafundi huigeuza kuwa mtego: humwekea mpinzani chakula mahali ambapo akikila atajifungua ubavu, naye hana ruhusa ya kukikataa. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mafundi wa Zanzibar na kutoa kitabu mwaka 1995, alivutiwa hasa na uwezo wao wa kuziona hatua hizo akilini kabla ya mkono kugusa kete. Mwalimu Nyerere, ambaye mapenzi yake kwa bao yajulikana, bila shaka alifahamu kwamba kumlazimisha mtu kushinda kidogo ni njia mojawapo ya kumshinda.

Hapa twafikia jambo linalotugusa sisi walimu wa Kiswahili wa upande huu zaidi ya yote. Kiswahili kilifika Mbale na Jinja kwa njia mbili, ya soko na ya kambi. Kilileta bei na kilileta amri. Idi Amin alipokifanya lugha ya taifa mwaka 1973, wengi wa wazazi wa wanafunzi wetu walikuwa wamekwisha kukisikia katika vizuizi vya barabarani, na hadi leo yako majumba ambamo mtoto akirudi na daftari la Kiswahili huulizwa kama anajifunza ujambazi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri nyingine, japo njema. Lakini lugha iliyokuja kwa amri ilikuja na nusu ya msamiati wake. Tulipokea piga, toka, lala chini. Hatukupokea namua wala takata, wala kichwa na kimbi, wala kule kulala kwa hiari mwenye nyumba anakokuchagua mwenyewe baada ya kula. Kitenzi ni kilekile, lala; mmoja alikisikia kwa askari mwenye bunduki, mwingine alikisikia kwa babu yake barazani. Mwanafunzi wa Mbale anastahili kukisikia kwa njia ya pili, na sisi twaamini kwamba somo moja mbele ya ubao litamwondolea hofu kuliko hotuba kumi za kuisifu lugha.

Kijana wa kibandani anayo tayari dhana zote hizi. Anajua kurudi nyuma kwa hesabu, anajua mtego, anajua adhabu ya kujificha. Anachokosa ni maneno ya kuzisema kwa lugha yoyote ya kwetu. Tumwambie kwamba mfululizo wa michezo uitwao Guilty Gear, ulioanza mwaka 1998, una adhabu kwa anayerudi nyuma mno bila kupigana, hupokonywa akiba yake ya nguvu, atatuambia anaijua. Tumwambie basi kwamba kete pweke ya mweso ni adhabu iyo hiyo, na tuone macho yake.

Tusije tukaeleweka kwamba tunamdharau anayejihami. Historia ya karibu ina mashahidi wawili tunaowapenda. Wa kwanza ni jirani yetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali, mwenye miaka 32, alikutana na George Foreman, mwenye miaka 25, ambaye ngumi zake ziliogopwa duniani kote. Watu walimtazamia Ali acheze mbali. Yeye akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige mikono na mbavu raundi baada ya raundi, akimjibu kwa ngumi za ghafla za uso. Katika raundi ya 8 Foreman alikuwa amechoka kama mtu aliyelima shamba la wenyewe, akaangushwa. Ali alimpa kila kitu isipokuwa kile alichokitaka. Wachezaji wa mweso wataitambua hesabu hiyo.

Wa pili ni wa kioo. Mwaka 2004, katika mashindano ya Evo huko California, Daigo Umehara wa Japani alikabiliana na Justin Wong wa Marekani katika Street Fighter III. Wong alikuwa bingwa wa subira. Mpiganaji wake, Chun-Li, alikuwa amemmaliza Ken wa Daigo hadi uhai uliobaki haukuonekana. Katika mchezo huo pigo maalumu hupenya kinga na kupunguza uhai kidogo hata likizuiwa. Kwa hiyo kujikinga kwa kawaida kungemuua Daigo. Ilibaki njia moja: kuusukuma usukani mbele, kumwelekea adui, katika nukta ile ile pigo linapogusa. Wong akaachia mateke 15 mfululizo. Daigo akayapokea yote 15 kwa namna hiyo, moja moja, kisha akashinda. Watu hukumbuka kelele za ukumbi. Sisi twakumbuka kwamba kinga bora kuliko zote katika mchezo ule ilikuwa ni hatua ya kwenda mbele, na kwamba baada ya ushujaa huo wote Daigo alifika fainali akashindwa na mtu mwingine.

Liko swali moja la mizani ambalo ubao hauwezi kulijibu, nalo ni nani aruhusiwe kuketi. Kwa desturi ya zamani ya Waganda mweso ulikuwa mchezo wa wanaume, na kibanda cha televisheni nacho, tukiwa wakweli, ni cha wavulana watupu. Shule haina sababu ya kufuata mmoja wala mwingine. Ubao wa kuchonga ni ghali, lakini mashimo 32 yachimbwa ardhini kwa kijiti katika muda wa mapumziko, na punje 64 za mahindi zapatikana katika jiko lolote la shule. Darasa la wasichana 40 lahitaji mashimo 640 na punje 1,280, kivuli cha mwembe, na mwalimu aliyekubali kuliwa mara chache mbele ya wanafunzi wake.